"Moto umedhibitiwa": hiyo kauli ina maana gani hasa?

Uzi. Ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, kabla mvua ndefu haijaanza, tunaona picha ileile. Nyuma kuna mlima unaofuka moshi, mbele kuna kiongozi mwenye kofia na koti la mifuko mingi, na maikrofoni sita mdomoni. Anasema: "Moto umedhibitiwa, wananchi wasiwe na hofu." Dakika kumi baadaye upande wa pili unaandika kwamba serikali imelala. Halafu sisi huku mtandaoni tunagawanyika kulingana na tulimpigia nani kura, na hakuna anayeuliza hilo neno "umedhibitiwa" limebeba nini.

Sheria za uzi ni zilezile: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukija na jina la mtu wako hapa chini nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu nusu ya mabishano iko hapo.

Kwa Kiswahili cha taarifa za habari, "kudhibiti" tunaitwika kazi tatu. Kuna moto uliozingirwa: bado unawaka, lakini umezungushiwa mpaka ambao wazimamoto wanaamini hautavuka. Kuna moto uliotulizwa: mpaka upo, na sehemu za kando zilizokuwa zinatoa cheche zimepozwa. Halafu kuna moto uliozimika, yaani unaweza kutembea hapo ukipapasa majivu kwa mkono na usikute joto. Hizo ni hali tatu tofauti kabisa, na kati ya ya kwanza na ya tatu zinaweza kupita wiki. Kiongozi akisema "umedhibitiwa" anaweza kumaanisha yoyote kati ya hizo, na mama aliye na nyumba ya mbao mita mia tatu kutoka msituni atasikia ile ya tatu.

Marekani huwa wanatoa asilimia. Utasikia moto fulani wa California "umezingirwa kwa asilimia 60". Wengi wetu tunasoma hiyo kama asilimia 60 ya moto imezimwa. Sivyo. Maana yake ni kwamba ukichukua ukingo wote wa moto ukauzunguka, asilimia 60 ya huo ukingo ina mpaka unaotarajiwa kushikilia. Ndani ya huo mpaka miti inaweza kuwa bado inawaka vizuri sana.

Chukua hesabu ya kubuni. Moto una ukingo wa kilomita 20. Watu wamefyeka na kulima ukanda wa kuuzuia kwa kilomita 12. Hiyo ni asilimia 60. Usiku upepo unageuka, moto unatoroka upande ambao haukuwa na mpaka, ukingo unakuwa kilomita 30. Zile kilomita 12 bado ziko imara, lakini sasa ni asilimia 40. Kesho yake mtu atauliza, "Jana mlisema 60, leo 40, mnatudanganya?" Pengine hakuna aliyedanganya. Ila pia hakuna aliyeeleza.

Na hata hiyo 60 haikuambii kitu kama hujui ni upande gani. Kama zile kilomita 8 zilizobaki wazi zinatazama mwamba na barafu, lala. Kama zinatazama kijiji chenu na upepo unakuja huko, asilimia 90 nayo si habari njema. Kwa hivyo swali la kwanza la mwananchi liwe: ni upande gani bado uko wazi?

Kenya hatuna hata huo utamaduni wa asilimia. Tuna "umedhibitiwa" na "bado unaendelea", basi. Mara nyingi tunapewa eneo lililoungua, na hapo kuna mchezo mwingine. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Anayetaka moto uonekane mkubwa anataja ekari. Anayetaka uonekane mdogo anataja hekta. Moto ni mmoja. Nimeona watu wakirushiana matusi kwa sababu mmoja alisema 1,000 na mwingine akasema 2,500, na wote walikuwa wanasema kitu kimoja.

Halafu eneo si madhara. Hekta elfu za nyasi za juu mlimani zinaweza kurudi kijani baada ya mvua mbili. Hekta kumi za msitu wa asili kwenye chanzo cha mto ni hasara ambayo mimi na wewe hatutaiona ikirudi.

Sasa, kwa nini moto wa Aberdare au Mlima Kenya ni mgumu hivi? Nauliza kwa sababu kila mwaka lazima mtu aandike "si watume fire engine".

Gari la zimamoto ni la mji. Linahitaji barabara na maji. Juu ya mita 3,000 sehemu nyingi hazina barabara, kuna nyasi za vichuguu, vichaka vikavu vyenye mafuta na mabonde. Watu hutembea saa kadhaa kufika, wakiwa wamebeba mapanga, majembe na matawi mabichi ya kupigia moto. Wengine hubeba pampu za mgongoni. Wakifika wamechoka tayari, na hewa ni nyembamba.

Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake linatangulia juu na kukausha kile kitakachofuata kuungua. Ndiyo maana hutakiwi kukimbia moto kwa kupanda. Na sehemu za juu zina udongo wa mboji, majani yaliyooza miaka na miaka, ambao unaweza kuungua chini kwa chini bila ndimi za moto. Unaona majivu, unadhani imeisha, siku tatu baadaye upepo unafukua kaa na tunaanza upya. Hapo ndipo ile "umedhibitiwa" ya Jumatatu inapogeuka aibu ya Alhamisi.

Kitu kingine kidogo cha kuchunguza: saa ya taarifa. Usiku baridi inashuka, unyevu unapanda, moto unapungua nguvu. Mchana jua na upepo vinaurudisha. Taarifa inayotolewa saa mbili asubuhi itakuwa na matumaini kuliko ya saa kumi jioni, hata kama hakuna kilichobadilika. Mwanasiasa mjanja anajua hili au ana mshauri anayejua.

"Na helikopta?" Ndio, husaidia. Hupeleka watu juu, hutazama moto unaelekea wapi, na ikiwa na ile ndoo kubwa inayoning'inia chini yake inaweza kumwaga maji. Lakini maji ya angani hupoza ukingo ili watu wa chini waweze kuukaribia na kukata mpaka. Bila watu wa chini, unanyunyizia tu. Mjadala wa helikopta huwa mtamu kwa sababu helikopta inaonekana kwenye picha. Posho ya kijana aliyekata ukanda usiku kucha haionekani.

Sasa tuingie kwa siasa yenyewe. Moto wa msitu ni kazi ya nani?

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sehemu ya serikali ya kitaifa ina ulinzi wa mazingira na maliasili, na pia ina udhibiti wa majanga. Sehemu ya kaunti ina huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Umeona? Majanga yako pande zote mbili. Zimamoto iko kaunti. Msitu wa umma unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ambalo ni la kitaifa. Mbuga ya kitaifa iko chini ya KWS, pia la kitaifa. Ukivuka ua unaingia shamba la mtu binafsi. Moto hausomi ramani. Unaweza kuanza kwa shamba, ukaingia msitu wa KFS, ukapanda hadi mbuga ya KWS, ukashuka kaunti ya pili, yote wikendi moja.

Kwa hivyo gavana akisema "huo msitu si wetu", kisheria ana nusu ya ukweli. Na wizara ikisema "zimamoto ni ya kaunti", nayo ina nusu ya ukweli. Ukiunganisha nusu mbili hupati gari la kubeba watu.

Kinachofanya kazi chini huku, tuseme ukweli, ni watu. Askari wa misitu, askari wa wanyamapori, maskauti wa jamii, na vyama vya jamii vya misitu ambavyo vinatambuliwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Pamoja na wanakijiji waliokuja na kandambili.

Hao wa kandambili wana swali moja ambalo sijawahi kusikia likiulizwa kwenye mdahalo wa runinga: mtu wa kujitolea akiungua, nani analipa hospitali? Sheria ya fidia kwa majeraha kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa, mtu aliye na mkataba wa kazi. Aliyeitwa na chifu kwa kipaza sauti si mwajiriwa wa yeyote. Akirudi mzima anaitwa shujaa. Akivunjika mguu, ni harambee.

Kuhusu pesa, kaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo siasa huwa inajificha.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Malipo yake hayafai kuzidi asilimia mbili ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia kama yalivyokaguliwa. Pesa zikishatoka, bunge la kaunti linafaa kuletewa hayo matumizi lipitishe ndani ya miezi miwili. Na sharti kubwa: iwe ni haja ya haraka ambayo haikutarajiwa.

Haikutarajiwa. Moto unaokuja kila Februari?

Hili ndilo ningependa tubishanie badala ya helikopta. Ukame wa Januari hadi Machi uko kwenye kalenda. Kuchoma vichaka ili nyasi mpya zichipuke, kurina asali kwa moshi, kuchoma makaa, kusafisha shamba kabla ya mvua, kutupa kipande cha sigara: vyote vinajulikana na vinajirudia. Kitu kinachojulikana kinawekwa kwenye bajeti ya kawaida, na mstari wake, na kiasi chake. Ukikisubiri kiwe dharura, unajipa ruhusa ya kununua kwa haraka, na ununuzi wa haraka sote tunajua huishia wapi.

Na angalia tarehe. Kaunti inafaa kupeleka waraka wake wa mkakati wa kifedha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika kufikia tarehe 30 Aprili. Yaani waraka unaandikwa moto ukiwaka, na makadirio yanawasilishwa mvua ikinyesha na moto umesahaulika. Nenda ule mkutano wa wananchi kutoa maoni Aprili uone kama kuna anayetaja ukanda wa kuzuia moto. Watataja barabara, na siwalaumu, barabara zenyewe ndizo hizo zimeoshwa na mvua.

Hizo kanda za kuzuia moto zinahitaji kufyekwa kila mwaka, la sivyo zinarudi kuwa kichaka na unabaki na mstari mzuri kwenye ramani tu. Ni kazi ya vijana, panga na chakula cha mchana. Bei yake ukilinganisha na saa za helikopta inachekesha. Lakini hakuna anayekata utepe kuzindua ukanda uliofyekwa.

Sasa usalama wa watu wa karibu. Nitakuwa mkali kidogo hapa.

"Wananchi wasiwe na hofu" si taarifa ya usalama. Ni maneno ya kupoza. Taarifa ya usalama inamwambia mtu afanye nini: vijiji gani viko upande upepo unakoelekea, barabara gani itumike na ipi isitumike, shule gani imefungwa, ng'ombe wapelekwe wapi, na taarifa inayofuata itakuja saa ngapi. Kama haina hata kimoja kati ya hivyo, hiyo ilikuwa kampeni.

Ng'ombe nimewataja makusudi. Mipango ya kuhamisha watu iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine inamdhania mtu mwenye gari na begi. Mtu wa Laikipia au Nyandarua hataondoka aache mifugo, na ukimwambia aondoke bila kumwonyesha pa kuipeleka, atakubali mbele yako halafu arudi usiku. Usiku, kwenye moshi. Mpango usio na mifugo ndani yake ni mpango wa kupoteza watu.

Na onyo lazima lifike. Mfano wa mbali lakini unauma: Lahaina, Hawaii, Agosti 2023. Kisiwa cha Maui kilikuwa na ving'ora vya tahadhari. Siku ya moto havikulizwa. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mkuu wa shirika la dharura la huko alijiuzulu baada ya siku chache. Vifaa vilikuwepo, kilichokosekana ni uamuzi. Sisi hatuna ving'ora, lakini tuna chifu, tuna nyumba kumi, tuna redio za lugha za mama, tuna vipaza sauti vya misikiti na makanisa, tuna magrupu ya WhatsApp ambayo hayalali. Nani ana jukumu la kubonyeza kitufe? Uliza kaunti yako upewe cheo cha mtu, si "kamati husika".

Moshi pia ni moto. Zile chembechembe ndogo sana zinaingia ndani kabisa ya mapafu, na leso iliyoloweshwa haizizuii vizuri kama tunavyodhani. Barakoa za N95 husaidia. Watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu ndio wa kwanza kuumia. Kama moshi umetanda, funga madirisha, na kama kuna namna, usipikie kuni ndani siku hiyo. Lakini sioni wizara ya afya ikiwa kwenye ile picha ya maikrofoni sita. Huwa ni mazingira, usalama na siasa.

Maji. Vijiji vingi vya kando ya msitu huvuta maji kutoka juu kwa mabomba ya plastiki. Moto ukipita juu yake, yanayeyuka. Kwa hivyo moto unaweza kuwa haukugusa nyumba hata moja na bado ukawaacha watu bila maji. Na wewe uliye Nairobi usijione uko mbali: bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji ya jiji, linapata maji yake kutoka Aberdare. Mlima ulioungua haushiki mvua, maji yanateremka na udongo wote. Ule moto ulioupita kwenye skrini Februari unaweza kurudi kwako kwa mfereji.

Wanyama nao hukimbia. Aberdare ina ua wa umeme wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009, na umepunguza sana ugomvi wa tembo na wakulima. Lakini nguzo zikiungua au waya ukilala, tembo na nyati wanashuka shambani.

Na hapa kuna kichekesho cha kisheria. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina viwango vya fidia: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha la kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na njia ya kudai mimea iliyoharibiwa. (Kulipwa ni hadithi nyingine, waulize wanaosubiri.) Moto hauna jedwali kama hilo. Kwa hivyo mahindi yako yakiliwa na tembo aliyekimbia moto, una fomu ya kujaza. Yakiungua na moto wenyewe uliomkimbiza huyo tembo, huna fomu. Unahitaji wakili, na mtu wa kushtaki.

Ndiyo maana kesi ya Lolldaiga ni muhimu kuliko tunavyoichukulia.

Machi 2021, moto uliwaka kwenye hifadhi ya kibinafsi ya Lolldaiga, Laikipia, wakati wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakifanya mazoezi huko. Zaidi ya ekari 10,000 ziliungua. Mkazi mmoja aliyekuwa amekwenda kusaidia kuuzima alikufa kwa kukanyagwa na gari. Wakazi walilalamikia moshi, afya, mali na wanyama waliofukuzwa kuingia mashambani mwao. Wakaenda mahakamani.

Uingereza ilidai kinga, kwamba dola la kigeni haliwezi kushtakiwa katika mahakama zetu kwa jambo hilo. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikataa hoja hiyo. Mwaka 2025 ndipo yakafikiwa makubaliano nje ya mahakama: takriban pauni milioni 2.9 kwa walalamishi 7,723.

Piga hesabu. Ni kama pauni 375 kwa kila mtu ukigawa sawa. Baada ya zaidi ya miaka minne. Kuna wanaosema ni ushindi, kwa sababu ni mara chache wananchi wa kawaida wanalilazimisha jeshi la kigeni kulipa. Kuna wanaosema ni matusi, ukizingatia dawa za kifua zilizonunuliwa miaka yote hiyo. Mimi naona ni vyote viwili, na naona pia kwamba watu hao walifika hapo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwelekezea kidole. (Kwa wapenda historia: Machi 2012 Mlima Kenya ulipoungua, wanajeshi wa Uingereza walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuuzima. Maisha.)

Moto wa kawaida wa Februari hauna mtu wa kumwelekezea kidole. Huwa tunaambiwa "wahusika watachukuliwa hatua", halafu kimya. Ripoti ya chanzo haichapishwi, au inachapishwa na hakuna anayeiona. Kwenye hiyo nafasi tupu kila mtu anajaza adui wake: wafugaji, warina asali, wachoma makaa, wanyakuzi wa ardhi, wapinzani. Na mara nyingi anayejazwa hapo ni mtu maskini anayeishi karibu na msitu, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Kuweni waangalifu na hiyo. "Wakazi ndio wanaoharibu msitu" imetumika nchi hii kuhalalisha kufukuza watu. Kwenye kesi ya Waogiek na msitu wa Mau, Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua Mei 2017 kwamba serikali haikuthibitisha kuwa Waogiek ndio chanzo kikuu cha kuharibika kwa msitu ule. Simaanishi hakuna mkazi aliyewahi kuwasha moto. Wapo, na sheria ya misitu inawahusu. Namaanisha tudai ushahidi wa moto huu, wa mahali hapa, kabla ya kuhukumu kijiji kizima.

Sasa kitu cha kufanya, kwa wale mnaopenda uzi uwe na kazi ya nyumbani.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandikia ofisi ya umma na kuomba rekodi. Muda wa kawaida ni siku 21. Lakini kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, wanafaa kukujibu ndani ya saa 48. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, huhitaji wakili. Muulize katibu wa kaunti yenu haya: kanda za kuzuia moto za kaunti hii zilifyekwa mara ya mwisho lini, kuna mstari gani kwenye bajeti, nani mwenye mamlaka ya kutoa amri ya watu kuhama, na wanaojitolea wana bima gani. Kama moto uko karibu nanyi sasa hivi, andika kwenye barua waziwazi kwamba ni suala la uhai, na utaje hizo saa 48. Na ukiona moshi leo, usingoje barua: 999 au 112, kisha chifu, kisha grupu la kijiji, kwa mpangilio huo.

Ukijibiwa, leta jibu hapa tulisome pamoja. Ukinyimwa, leta hata barua yenyewe yenye muhuri wa kupokelewa, ficha jina lako. Tarehe 28 Februari inakuja, na huo waraka wa kifedha kuna mtu anauandika sasa hivi.